Jiwe Lililoachwa Njiani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nasikia siku hizi mnakusanyana marafiki, mnabeba mahema, mnakwenda kulala mlimani kwa kujifurahisha, kisha mnarudi mnasimulia mlivyochoka. Sawa, sikatazi. Ila msidhani ninyi ndio wa kwanza kulala chini ya jabali na kumsikia chui. Sisi tulikwenda kwa sababu hatukuwa na jiwe la kusagia. Someni taratibu. Mwenye haraka aache sasa hivi.

Mimi ni mtu wa upande wa Shinyanga, wa mbugani, kule ambako ukisimama mlangoni unamwona mgeni angali mbali, na akifika anakuta umeshapika. Niliolewa huko. Haukupita muda ukoo wa mume wangu ukahamia Geita kufuata ardhi mpya. Ilikuwa miaka ya hamsini, na wengi walihama hivyo, ng'ombe wakitangulia, kuku kwenye matenga, watoto mgongoni. Kila kitu kilihama isipokuwa mawe ya kusagia. Lile la chini halibebeki safari ya siku nyingi. Mama mkwe wangu alilifunika lake kwa majani, akaliacha, hakugeuka nyuma.

Tulipofika ugenini tukawa tunaazima kwa majirani Wazinza, wenyeji wa pale. Walikuwa watu wema, lakini kuazima jiwe ni kusubiri. Mwenyewe asage kwanza, binti zake wasage, ndipo wewe upige magoti na kapu lako la mtama jua likiwa juu, na kwenu watu wana njaa. Mama mkwe akaniambia, "Mwanamke asiye na jiwe ni mgeni hata kwake." Nikajua natakiwa kwenda.

Jiwe zuri lilipatikana kwenye vilima vya msituni, mwendo wa kutwa. Ilibidi kulala huko, kuchonga kesho yake, na kulala tena njiani mkirudi. Tulikwenda watatu.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja aliyezaa mapacha. Tukimwita Mama Pacha, na hilo si jina, ni cheo. Kwetu mama wa mapacha huruhusiwa, katika ngoma ya mapacha, kusema maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Yeye aliyasema hata siku zisizo na ngoma.

Wa pili alikuwa bi arusi wa kaya ya jirani, rafiki yangu. Tulifika Geita msimu mmoja, tukichota maji pamoja, tukisukana. Alilelewa na nyanya mkali na alikuwa na adabu mpaka inakera. Katika mambo yote aliyoyashika, alilolishika zaidi ni la baba mkwe. Enzi zile mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni. Hakulitaja jina lake, hakula mbele yake, hakuongea naye ila kwa kupitia mtu. Na wakikutana njiani, mkamwana ndiye aliyeiacha njia. Wengine tuligeuka tu pembeni hatua chache, basi. Yeye alijificha hasa, kama digidigi.

Wa tatu nilikuwa mimi.

Tulibeba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, unga, kibuyu cha maziwa ya mgando, na moto. Ndiyo, moto. Kiberiti kilikuwa cha wenye duka na wenye ng'ombe wengi. Unachukua kinyesi cha ng'ombe kikavu, unakiwasha, unakiweka kwenye kigae, nacho kinafuka polepole mpaka mnakofika. Usiku wa kwanza tulilala chini ya jabali lililochomoza kama ukumbi wa nyumba. Chui alipita mbali. Sauti yake ni kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Sisi wa mbugani tulizoea fisi, na fisi unamfokea. Huyu tulimnyamazia. Tuliongeza kuni, tukakaa mgongo kwa mgongo, na Mama Pacha akasema, "Akija achague mwenyewe. Mimi nimeshazaa wawili kwa mpigo, hapa hana nyama, kuna mishipa tu." Hatukucheka sana.

Asubuhi tukachonga. Unatafuta bamba la jiwe lililojikata lenyewe, unaligonga kwa jiwe gumu zaidi, punje kwa punje, mpaka uso ukae kama mgongo wa ng'ombe uliobonyea. Mikono ilitutoka malengelenge. Adhuhuri ilipopita tulikuwa na mawe yetu. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa. Tukasokota ngata za majani, tukajitwisha, tukaanza kushuka kwa mstari, Mama Pacha mbele, mwenzangu katikati, mimi nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, majani yamepita vichwa vyetu pande zote.

Ndipo mwenzangu akasimama. Chini kule mtu alikuwa anapanda. Mimi niliona kofia na blanketi tu. Yeye aliujua mwendo, akaijua na kikohozi.

"Mkwe," akasema.

Akalitua jiwe lake ukingoni mwa njia, akaingia kwenye majani upande wa kushoto. Nikasikia majani yakikatika, kisha kimya.

Baba mkwe wake akatufikia. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa blanketi begani, mkononi fimbo na kamba ndefu ya ngozi ameiviringa. Tukatua mizigo, tukapiga magoti.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mwatoka wapi?"

Kisukuma hakina salamu fupi. Akauliza kaya zetu, tukajibu. Tukauliza yake. Akauliza ng'ombe, mvua, wagonjwa, wazee waliobaki Shinyanga. Katikati ya salamu tukasikia kitu kama jiwe likiporomoka, mbali kidogo, na kama sauti fupi iliyokatika.

"Nyani," akasema Mama Pacha.

Macho ya mzee yalikuwa yamefika kwenye jiwe la tatu pale ukingoni. Mawe matatu, wanawake wawili. Akaelewa kuna mkamwana majanini, naye akafanya kama alivyofundishwa. Aligeuza uso akatazama wingu.

"Natafuta mtamba wangu, mwekundu, ana doa usoni," akasema haraka. "Hamkumwona? Basi. Shukeni upesi, mvua hii si ya mchezo."

Akapita. Alikwenda kwa hatua ndefu, akikohoa kwa makusudi, ili aliyejificha ajue anaondoka. Tazameni basi. Mmoja alikaa kimya kwa adabu, na mwingine akaharakisha kuondoka kwa adabu hiyo hiyo.

Tulisubiri. Nikaita kwa sauti ndogo, "Amepita, toka." Kimya. Mama Pacha akaita kwa sauti kubwa, "Bi arusi, ameshavuka kilima, toka utujie, au umeolewa huko na nyani?" Kimya. Nikaingia pale alipoingilia, nikifuata majani yaliyolala. Mama Pacha akanishika kaniki yangu kwa nyuma, na ndicho kilichoniokoa, kwa sababu hatua iliyofuata haikuwa na ardhi.

Lilikuwa shimo. Kabla sisi hatujahamia, watafuta dhahabu walipita vilima vile wakichimba kupima mawe, wakaondoka, mashimo wakayaacha wazi. Majani yaliota mdomoni yakafunika. Wenyeji waliyajua. Sisi tulikuwa wageni.

Nikalala kifudifudi nikachungulia. Chini sana palikuwa na maji meusi. Juu ya maji, karibu na urefu wa watu watatu kutoka mdomoni, kulikuwa na gogo la zamani lililokingama kutoka ukuta huu hadi ule. Mwenzangu alikuwa amelipanda kama mtu aliyepanda punda, amelikumbatia, uso umejaa udongo. Mguu mmoja ulining'inia vibaya.

Akainua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ameenda?"

"Ameenda," akasema Mama Pacha. "Wewe je, unakaa?"

"Nilimsikia anasalimia. Sikuweza kupiga kelele."

"Ulianguka ukanyamaza?"

"Angenisikia."

Mama Pacha alikuwa ameshaanza kuvua kaniki yake ya juu.

Nami nikavua yangu, tukazifunga fundo, tukateremsha. Hazikufika. Nikatafuta tawi refu, likafika, akalishika, likavunjika. Gogo likalia, udongo ukamwagika majini, na tukasikia maji yalivyo na kina. Akakumbatia tena, akafunga macho. Kwa mbali radi ikanguruma. Kila mmoja wetu alikuwa anawaza jambo moja na hakuna aliyetaka kulisema: mvua ikinyesha, ukuta utalowa, gogo litang'oka, naye ataondoka nalo. Na mtu mwenye kamba alikuwa mmoja tu kwenye kilima kizima.

"Nakwenda kumwita mkweo," Mama Pacha akasema.

"Hapana."

"Ana kamba."

"Hapana, Mama Pacha. Nimekaa vibaya. Kaniki imenitoka. Anikute hivi? Nitaishije kwake? Nendeni kijijini, muwalete wanawake."

"Kijijini ni kutwa."

"Nitasubiri. Akija nitaachia gogo. Nasema kweli, nitaachia."

Nami nilimwamini. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akisema jambo analitenda. Mama Pacha alinitazama, akanipa ishara kwa kidevu, akaondoka bila kishindo. Nikabaki mimi na mdomo wa shimo.

"Mama Pacha amekwenda wapi?" akauliza.

"Kutafuta mti mrefu."

Huo ulikuwa uongo, na sijautubia mpaka leo. Nikaanza kumwongelesha ili asisikilize nyayo. Nikamwuliza nyanya yake alikuwa anasokotaje ngata. Nikamwuliza mbegu ya mtama aliyokuja nayo, kama imeota. Alijibu kwa kukatakata, na kila alipochelewa kujibu mimi nilishika majani kwa nguvu kama mimi ndiye niliye kwenye gogo. Kisha nikaona ametulia kupita kiasi. Alikuwa amesikia kikohozi.

"Umenidanganya," akasema.

"Ndiyo. Shika gogo."

"Umenidanganya wewe."

"Nimekudanganya, na ukiachia nitawaambia kwenu kwamba ulikufa kwa kuogopa mzee mwenye kikohozi. Shika."

Aliendelea kushika. Sijui ni hasira au ni nini. Ilitosha.

Mzee hakukaribia. Alisimama kwenye njia, mgongo kwetu, anahema kwa kukimbia. Mama Pacha alikuwa amemwambia nini sikujua mpaka baadaye. Alimwambia, "Baba, mtamba wako yuko shimoni, lakini huyu ulimtolea mahari." Hakuna mwanamke mwingine angethubutu.

"Huyo mtu," mzee akaniambia bila kugeuka, "amekaa upande gani?"

Nikamweleza. Akafunga ncha moja ya kamba kwenye shina la mninga. Ile nyingine akaitengenezea kitanzi, akanirushia kwa juu ya bega, nikaiteremsha kwa mwenzangu. Kisha akajifunika blanketi kichwani gubigubi, akanipa mgongo, akaishika kamba, akaiweka begani kama ng'ombe wa jembe.

"Mwambie huyo mtu ajifunge chini ya makwapa."

Mwenzangu alimsikia wazi, hakuwa mbali. Lakini hakugusa kitanzi. Alinitazama mimi.

"Jifunge chini ya makwapa," nikasema.

Ndipo akajifunga.

"Mwambie akanyage ukuta kwa mguu mzima."

Akasubiri. Nikarudia. Akakanyaga.

Ndivyo tulivyofanya. Mzee ananena na majani, mimi narudia, mwenzangu anatii. Mama Pacha alikaa juu ya miguu yangu nisiporomoke, ananong'ona, "Baraza la wazee hili. Tutafika kesho." Mzee akavuta. Mwenzangu akainuka kutoka kwenye gogo, akaanza kupanda kidogo kidogo, anauma meno, mguu ule unagonga ukuta.

Mvua ikaja bila matone ya kwanza. Ilimwagwa tu. Kelele yake kwenye majani ilikuwa kubwa, sikumsikia mzee vizuri, na mwenzangu hakunisikia mimi.

"Mwambie aegemee kulia, kushoto kuna—"

"Nini?"

"Kushoto!"

"Egemea kushoto!" nikamwambia.

Akaegemea kushoto. Ukuta wa kushoto ukaachia, kipande kizima, kikapiga gogo, gogo na udongo vikaenda chini pamoja. Mwenzangu akazunguka hewani kwenye kamba kama mbuzi anayechunwa. Kitanzi kilikuwa kinapanda kuelekea shingoni, na mikono yake ilikuwa juu, inanitafuta mimi.

Mzee akageuza kichwa ndani ya blanketi, akapaza sauti ambayo sijapata kumsikia nayo tena.

"Mtoto! Shusha mikono! Bana kamba!"

Mkamwana alitii. Hakunisubiri. Alishusha mikono akabana kitanzi kwenye makwapa, na kamba ikamshika.

Mzee akavuta, amejiinamisha mbele, vidole vya miguu vinachimba tope. Kichwa kikafika usawa wangu. Nikamshika kiganja, kikateleza, malengelenge yangu yalikuwa yamepasuka na mvua imelowesha yote. Nikamshika tena. Ukingo chini ya kifua changu ukaanza kunyonyoka. Mama Pacha akaita, "Baba, unatupoteza wawili!"

Ndipo mzee akaizungusha kamba kwenye mninga, akaifunga, akalitupa blanketi, akaja mbio, akapiga goti kando yangu. Alimtazama mkamwana wake usoni, naye alimtazama. Akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, akamtoa, kama mtu anavyovuta ndama anayezaliwa.

Mzee akaliokota blanketi, akamrushia bila kuangalia, akaenda kukaa juu ya jiwe, mgongo kwetu, mvua inampiga. Mwenzangu alijifunika kichwa kizima, na chini ya lile blanketi nilisikia analia, si kwa mguu.

Hatukuweza kushuka, mguu ulikuwa umevunjika. Tulimburuta na kumbeba mpaka chini ya jabali letu, na mzee akawa anatembea mbele, anafyeka majani kwa fimbo. Usiku ule alikaa upande mwingine wa jabali, asituone. Moto wetu wa kigae ulikuwa umezimika kwa mvua. Yeye alikuwa na kiberiti, amekifunga ndani ya ngozi kisilowe, akawasha wake, akasukuma kinga la moto kwa fimbo mpaka likatokea upande wetu. Kila tulipokaa kimya sana alikohoa, tujue yupo. Kama chui alipita, mimi sikumsikia.

Asubuhi mzee alishuka kuita vijana waje na machela, akarudi nao kesho yake. Mwanawe, mume wa mwenzangu, alikuja na ndugu zake, wakambeba. Nasi tukajitwisha mawe yetu. Jiwe lake lilikuwa bado ukingoni mwa njia, limeoshwa na mvua. Mama Pacha akasema turudi kulichukua siku nyingine. Mzee akainama, akalitia begani.

Mnaosoma hamwezi kujua hilo lilikuwa jambo gani. Mwanaume mwenye ng'ombe, mwenye wajukuu, kubeba jiwe la kusagia la mkamwana, mchana, kupita mbele ya kaya za watu. Wanawake walitoka milangoni. Mmoja akauliza, "Baba, leo unasaga?" Akajibu, "Nikipewa mtama." Akapita.

Maneno hayakukosekana. Mama mkwe wa mwenzangu alisema mzee amemshika mkono na kumwona hana nguo, bora arudishwe kwao. Wazee wakakaa. Mzee akatoa mbuzi, akachinjwa, ikasemwa uso umefunguliwa, mkamwana amsalimie kama baba. Mtamba mwekundu alikutwa zizini, alikuwa amerudi mwenyewe tangu siku ile ya mvua. Mwenzangu alipona na mguu wa kuchechemea. Alisagia jiwe lile mpaka likabonyea katikati, na watoto wake wote walikula unga wake. Siku moja tukisaga niliuliza, kweli angeachia lile gogo? Akaendelea kusaga. Mwisho akasema, "Kama ungeniacha peke yangu, ndiyo."

Jibu hilo nilikaa nalo miaka. Mwanangu wa kwanza alipooa, siku bi arusi alipoingia kwenye kaya hii, niliwaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, na baba yao nikamtoa kwenye kiti chake akaja. Nikasema naye akisikia:

"Katika kaya hii mkamwana akikutana na baba mkwe, asitoke njiani. Asimame, ageuze uso, wapishane. Akianguka apige kelele, hata kama anayesikia ni baba mkwe peke yake. Na wewe mzee, na ninyi wanangu wote: mkikuta mzigo njiani hauna mwenyewe, msipite."